Pleti ya Mbele Kushoto

Alhamisi, 2 Februari

Sikuiwasha. Naliandika hilo kwanza, kabla sijaanza kubishana na nafsi yangu: pleti ya jiko, ile ya mbele kushoto, leo asubuhi, sikuiwasha. Kahawa niliichemsha kwenye mashine yake. Yai sikula. Sufuria zote ziko kabatini, kavu.

Saa nne Annelie akaingia na theluji yake viatuni. Hata kunisalimu bado, macho yalishafika jikoni. Ile H inawaka! H nyekundu kwenye kioo, maana yake pleti bado ni moto, usiguse. "Mama, umeacha jiko." Nikamwambia sijaacha. "Basi nani? Paka?" Mtoto niliyemzaa mwenyewe!

Hatukuigusa. Tulisimama pale tunaitazama kama watu wanaosubiri mgeni ashuke kwenye treni. Halafu akalisema lile nililokuwa naliogopa, tena kwa upole, na upole ndio ulioniudhi. Kwamba hata Baba alianza hivi hivi.

Mchana nilimpelekea Torgny, mume wangu, supu ya njegere na chapati za maji, kama kila Alhamisi tangu aingie nyumba ya wazee. Mwaka na nusu sasa. Na kama kila Alhamisi, kabla ya kijiko cha kwanza, akasema: "Sikuiwasha, Majvor." Nami nikamjibu jibu langu la siku zote: haya, haya, kula supu.

Ila leo neno lake nilikuwa nimeshalisema mwenyewe asubuhi. Kwa sauti ile ile! Nilikosa hamu ya kula.

Ijumaa, 3 Februari

H tena. Saa moja asubuhi, hata pazia sijafungua.

Jana jioni nilipasha maziwa. Nilitumia pleti gani? Ya nyuma kulia. Nadhani. Hapana — nina hakika. Nadhani nina hakika.

Khaa!

Jumapili, 5 Februari

Aibu ya mwaka. Annelie na mumewe walikuja kula. Nikapika nyama ya kusaga ya mviringo, mchuzi mweupe, viazi. Viazi vilikaa mbele kushoto dakika ishirini na tano, niliitazama saa ya ukutani kwa macho yangu haya. Katikati jiko likalia, *pii*, basi. Nikadhani ni simu ya mkwe. Naweka viazi mezani, mkwe anachoma uma — ko! Vibichi. Vigumu kama vilivyotoka shambani. Mimi, niliyewapikia watoto mia nne wa shule kila siku kwa miaka thelathini na mmoja, na hakuna hata mmoja aliyewahi kula kiazi kibichi mkononi mwangu!

Mkwe akasema si neno, akavimeza. Annelie alinisaidia kuosha vyombo, anapangusa sahani moja mara tatu. Halafu likamtoka. Ameshapiga simu manispaa. Bi Pernilla, ofisa ustawi yule yule wa enzi za Baba, atakuja Jumanne tarehe 21 kuniangalia. Kuniangalia! Kama nyumba ya kununua.

Najua mwisho wa hadithi hiyo. Wanatoa fyuzi ya jiko. Halafu kila siku inakuja gari na kiboksi cha plastiki, chakula kimepikwa mji mwingine, kimefungwa karatasi ya nailoni, unatoboa kwa uma unatia kwenye maikrowevu. Samaki siku ya samaki, mchuzi umeganda pembeni. Nitakula hivyo mpaka kufa. Na Bi Pernilla akiuliza kama nasahau, nimjibu nini? Mtu aliyesahau anajuaje kwamba amesahau?

Ni mimi au ni jiko? Nataka kujua kitu hicho kimoja tu. Hata kama ni mimi.

Jumatatu, 6 Februari

Haya, tuache kulia, tufanye kazi. Shuleni hatukuwa na mambo ya nadhani. Kila chakula kilikuwa na mstari wake: saa, nyuzi joto, sahihi. Mkaguzi akija unamfungulia daftari, anafunga mdomo. Na hili ninaloandikia ni daftari lile lile la buluu, yalibaki mawili nilipostaafu. Mpaka sasa nimeandika nikikatiza safu zake kama mlevi barabarani. Sasa nazitumia.

Mtego: utepe wa kufungia nyama za friza. Nimeubandika juu ya swichi ya mbele kushoto, toka kwenye kitasa mpaka kwenye bati, nikaandika juu yake tarehe, saa na sahihi yangu. Majvor H. Huwezi kuzungusha swichi bila kuuchana.

Kama ni mimi, utepe utasema.

Jumanne, 7 Februari

Utepe mzima. H haiwaki. Bado haithibitishi lolote.

Nimefunga droo ya mifuniko kwa kiuno nikiwa nimebeba trei ya mikate, nikamsikia Torgny kichwani: "Polepole na droo, mama wee!" Miaka arobaini na nane ya ndoa, na wimbo ni huo huo. Sasa mtu mwenye mikono miwili iliyojaa afunge droo kwa nini, kwa meno? Jikoni kwetu shuleni wote tulifunga kwa kiuno.

Jumatano, 8 Februari

H inawaka na utepe mzima!!

Nimevaa miwani. Nimevua, nimeipangusa, nimevaa tena. Sahihi yangu pale pale, haijachanika hata uzi. Na H inaniangalia.

Nilipaswa kufurahi. Nikaogopa zaidi. Kwa sababu mtu aliyechanganyikiwa anaweza kubandua utepe, akawasha, akabandika mwingine, akatia sahihi. Sahihi ni yake! Nikaenda kuhesabu tepe zilizobaki. Sasa nikajua sina akili au ninazo nyingi mno.

Östen akaja kunywa kahawa saa tisa. Jirani huyu alikuwa fundi umeme wa kiwanda cha karatasi, rafiki wa Torgny wa kuvulia samaki kwenye barafu, na tangu Torgny aondoke hunichokoza ili nisimlilie. Nikamsimulia yote. Akanywa, akatafuna biskuti, akauliza: "Na ulipoigusa, ilikuwa moto kiasi gani, shemeji?"

Nikamwambia nani anagusa pleti inayowaka H? Akacheka mpaka biskuti ikampalia. Kisha akasema hata yeye asingegusa. Kweli. Hapa kwetu taa ikisema moto, hakuna anayenyoosha mkono. Nimewafundisha hivyo watoto wa shule wa miaka yote thelathini na mmoja. Taa nyekundu, mikono mgongoni.

Alipoondoka, ile H ilishazimika yenyewe.

Alhamisi, 9 Februari

Supu. Chapati za maji. "Sikuiwasha, Majvor." Nikasema haya, haya. Sikumtazama.

Ijumaa, 10 Februari

SIAGI!

Saa mbili asubuhi H inawaka, utepe mzima. Nikasimama mbele yake dakika kumi nzima, mikono mgongoni. Mkono haukubali kwenda! Nikaona nisipambane nao. Nikakata kipande cha siagi, kama cha kupaka mkate, nikakirusha katikati ya pleti, nikarudi nyuma.

Kikakaa.

Hakikutiririka, hakikulia *chss*. Kimekaa pale kama mtalii. Nikaleta kipimajoto changu cha nyama, nikakibonyeza kwenye kioo: nyuzi kumi na nane. Kumi na nane! Baridi kuliko mikono yangu! Ndipo nikaweka kiganja. Jiwe la mtoni. Nikacheka peke yangu jikoni, nikalia kidogo, paka akala siagi.

Taa inasema uongo. Si mimi. Si mimi, si mimi, si mimi. Naitia sahihi: Majvor H., saa 2.20.

Nikampigia Annelie. Akasema labda ilikuwa imepoa tayari, Mama, na taa ikachelewa kidogo. Nikamwambia njoo na siagi yako. Akasema tutazungumza Bi Pernilla akiwepo. Nilikata simu kabla sijamtukana mjukuu wa mama yangu.

Jumamosi, 11 Februari

Östen alikuja na mita yake na tochi ya kichwani, amejifunga kama anashuka mgodini. Akatoa umeme, tukalinyanyua jiko kwenye kaunta, tukaligeuza juu ya blanketi la Torgny. Vumbi, na njegere moja iliyokauka! Ya mwaka gani, Mungu ndiye ajuaye.

Akanieleza. Chini ya kila pleti kuna kihisi, kijiti chembamba chenye nyaya mbili. Kinapopata joto umeme hupita kwa taabu zaidi, na jiko huisoma taabu hiyo kama nyuzi. Zikiwa baridi, zote nne zinapaswa kusema karibu namba ileile. Akasoma, nikaandika kwenye safu:

Nyuma kulia, 1078. Nyuma kushoto, 1076. Mbele kulia, 1079.

Mbele kushoto, 1410.

"Shemeji," akasema, "hii inaapa kwamba ina nyuzi mia na ushee. Na hapa ninaishika kwa kidole." Akautikisa waya: 1080. Akautikisa tena: 1900. Tena: hakuna kitu, umekatika kabisa. Basi ndiyo maana! Ikidanganya kwamba ni moto, H inawaka. Ikidanganya viazi vikiwa juu yake, jiko linaogopa, linalia *pii* na kuzima pleti. Ugonjwa mmoja, dalili mbili. Nikaruka kama msichana. Nikambusu Östen kwenye upara, akasema ngoja nimwambie Torgny.

Nikauliza nini kimeukata. Tukalirudisha jiko mahali pake, akamulika kupitia uwazi wa droo. Waya ulipita juu ya ukingo wa bati, na chini yake ni droo ya mifuniko. Akaifunga droo kwa mkono: kimya. Akaniambia, hebu ifunge wewe. Nikaifunga, kwa kiuno, kama siku zote. Jiko zima likaruka, na waya ukajisugua ukingoni *krr*.

Tukatazamana. Kikulacho ki nguoni mwako, mimi kimo kiunoni.

Tulicheka. Tulicheka sana, mpaka nikauliza, kwa kuuliza tu: kusugua hivyo mpaka kukatika kunachukua muda gani? Akaupindua waya kwenye mwanga. Shaba imeshakuwa nyeusi pale ilipochubuka. Akasema hii si ya baridi hii, shemeji. Miaka miwili. Pengine mitatu. Waya wa hivi hushika na kuachia, unaweza kutulia hata mwaka mzima.

Akakunja mita yake. Alisahau kofia.

Jumapili, 12 Februari

Nimelitafuta, nimelipata. Daftari la pili la buluu. Chini ya vitambaa vya meza vya Krismasi.

Mwanzoni mwa 2021 Bi Pernilla alituomba tuandike kila tukio la Torgny na jiko. Niliandika, nani angeandika kama mimi? Saa, kilichotokea, pleti, sahihi. Alisema hajawahi kupewa ushahidi msafi namna ile. Nilivimba kichwa siku nzima.

Mistari kumi na mitano. Mara kumi na moja H imewaka na mume wangu anakana. Mara nne viazi vibichi na mume wangu anaapa vilikaa dakika ishirini.

Mbele kushoto. Mbele kushoto. Mbele kushoto. Mpaka chini, kumi na tano zote, kwa mwandiko wangu mzuri. Mtu anayesahau angesahau pleti zote nne! Hata mtoto angeliona hilo. Mimi niliandika mara kumi na tano sikuliona.

Wala sikuigusa hata mara moja.

Jumatatu, 13 Februari

Alitia sahihi mwenyewe kuhamia kule. Kalamu nilimpa mimi.

Jumatano, 15 Februari

Kihisi kipya kimefika kwa posta, Östen amekifunga. 1078. Waya ameupitisha mbali na ukingo. Viazi leo viliiva dakika kumi na nane. Sikuvila.

Kihisi cha zamani alitaka kukitupa. Nimekifunga kwenye karatasi ya siagi.

Annelie alipiga. Safari hii anaamini, Östen kamweleza. Akalia, akaniomba radhi, nikamwambia yameisha. Kisha nikamsomea daftari la pili. Akasema: "Usimwambie Baba." Kwamba itamsaidia nini sasa? Kule amezoea. Na Mama, hakuwa mzima kabisa, kumbuka gari aliloliacha dukani akarudi kwa miguu. Kumbuka alivyomwita paka kwa jina la mbwa.

Nakumbuka. Lakini mimi naye tulikuwa tunamwita paka vile kwa utani. Au tulianza utani baada ya yeye kukosea? Kipi kilitangulia? Hilo halikuandikwa popote. Nilikuwa naandika jiko tu.

Na huu mwaka na nusu: siku hizi anasahau kweli. Jina la Östen lilimpotea Krismasi. Alikwenda kule kwa sababu anasahau, au anasahau kwa sababu alikwenda kule? Namuuliza nani? Mita ya nani inapima hilo?

Jumanne, 21 Februari

Bi Pernilla amekuja na kwenda. Nilimpa andazi la leo, lile la krimu na lozi, maana ni Jumanne ya kuamkia Kwaresima. Nilimwonyesha namba, utepe, siagi. Aliguna kwa heshima. Akafunga faili langu: jiko libaki, kila la heri, natamani wazee wote wangekuwa kama wewe, Bi Majvor.

Nikamwekea daftari la pili mezani. Nikamwambia soma safu ya tatu.

Alisoma. Krimu ikamganda kidoleni. Akasema jiko lilikuwa jambo moja tu kati ya mengi. Nikamuuliza lilikuwa la ngapi. Hakutaka kujibu, lakini ni mwanamke mkweli, nampa haki yake. Akasema la kwanza.

Torgny anaweza kuomba atathminiwe upya, akasema. Akitaka mwenyewe. Lakini lazima aelezwe kwa nini. "Na ni bora aelezwe na mtu wa nyumbani."

Majuto ni mjukuu. Wangu ameshajifunza kutembea, anajua mpaka njia ya jikoni.

Alhamisi, 23 Februari

Naandikia hapa hapa chumbani kwake. Supu iko mezani, chapati za maji, jemu ya matunda ya porini tuliyochuma naye. Nilikuwa nimejipanga njiani kote. Atasema "Sikuiwasha, Majvor," kama kila Alhamisi, na mimi badala ya haya haya nitasema: najua. Najua, Torgny. Hukuiwasha. Maneno manne. Niliyarudia mpaka mlangoni.

Hakusema.

Alichukua kijiko akaanza kula. Nikangoja. Akala. Akasifu supu, akasema barafu ziwani sasa itakuwa nene. Alhamisi zote hizi nimetamani aache! Na leo ndiyo ameacha. Amechoka kunisubiri? Au imemtoka kichwani, imekwenda na jina la Östen? Nilimtazama usoni nikitafuta, uso ule ule, mchuzi kidogo kidevuni.

Basi nikaifungua karatasi ya siagi, nikakiweka kihisi karibu na jemu. Sikusema kitu. Mwoga mimi.

Akaweka kijiko chini. Akakichukua, akakigeuza dirishani, taratibu, kama alivyokuwa akigeuza kila kitu alipokuwa mpima magogo, kwanza macho, halafu kidole gumba. Kidole kikatembea juu ya waya. Kikasimama pale pale. Östen alihitaji tochi na mita!

"Umekatika hapa," akasema. "Umesuguliwa. Siku nyingi." Akanitazama. "Huu ni wa jiko la nani?"

Macho yake ni angavu. Siwezi kujua. Anajua na ananiuliza, au hajui na anauliza tu? Nimesema ngoja kidogo, kuna kitu naandika kabla sijasahau, nikachukua daftari. Kutoka pale juu mpaka hapa anangoja. Supu yake inapoa. Ameshika waya kwa mkono mmoja, na sasa mkono wa pili ameuweka juu ya mkono wangu huu unaoandika —